Nimehamia Lushoto, milima inanimaliza pumzi na magoti

SWALI

Ndugu washauri, habari za kazi.

Mimi ni mwalimu, mwanamke wa miaka 34. Nilikuwa Tanga mjini, na kwa miaka miwili nilikimbia siku tatu kila wiki kwenye lami ya kando ya bahari, upande wa Raskazone. Kilomita 8 nilizimaliza kwa dakika 55 bila kusimama. Mwezi wa pili mwaka huu nimehamishiwa Lushoto, na naona kama ndiyo kwanza ninaanza kukimbia.

Kwanza ni pumzi. Nikitoka tu nyumbani njia inapanda, na baada ya dakika sita au saba nimeshika kiuno, moyo unapiga mpaka masikioni. Pili, nikishuka magoti yananiuma kwa mbele, na siku mbili zinazofuata mapaja yamekaza kiasi kwamba kushuka ngazi za shule lazima nishike ukuta. Tatu, nimeteguka kifundo cha mguu wa kulia mara mbili ndani ya wiki tano, kwenye kijia chenye mawe kinachokatiza mashambani. Mara ya pili jirani alinikanda kwa maji ya moto na kunivuta mguu usiku uleule. Asubuhi ulikuwa umevimba kama embe. Sasa wiki mbili zimepita, hauumi sana, ila siuamini. Tena kucha za vidole gumba vyote viwili zimekuwa nyeusi.

Ninavaa raba za mtumba, nyepesi, zenye sponji nene. Mwalimu wa michezo ananiambia nivae njumu kwa ajili ya utelezi wa masika. Mama anasema niachane na milima, nikimbie kwenye lami ya kwenda Mombo, lakini ile imejaa kona na magari yanakukuta ghafla. Nia yangu ni kukimbia kutoka mjini hadi Irente, kwenye ukingo wa milima, na kurudi, kilomita kama 10, kabla mwaka haujaisha. Inawezekana, au miguu yangu imeshakataa?

Mwalimu, Lushoto

JIBU

Mwalimu, pole na kifundo, na pole na hizo kucha. Irente utafika, na kwa hesabu yetu itakuwa mwezi wa tisa, kabla vuli haijaanza kulowesha njia. Miaka 34 si umri wa kukatazwa mlima.

Ila umepanda Usambara na kipimo cha Tanga. Kilomita 8 kwa dakika 55 ni hesabu ya tambarare. Huko uliko, kilomita moja inaweza kukuchukua dakika 7 na inayofuata dakika 13, na mwili ukawa umefanya kazi ileile. Kuanzia leo acha kuhesabu kilomita, hesabu dakika. Halafu isome tena barua yako: magoti, mapaja na kucha vyote vinaharibika mtu akishuka, na vifundo vingi huteguka hukohuko. Kupanda kunakuchosha, kushuka ndiko kunakokuumiza. Wanaoanza kukimbia milimani huweka akili yote kwenye kupanda, wakifika juu wanaiachia miguu ijiendee yenyewe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya jibu hili itakuwa juu ya kushuka.

Kabla ya hapo, kifundo, maana ndicho kitakachoamua lini uanze. Mguu unapopinduka kwa ndani, kano za upande wa nje, zile zinazofunga mfupa kwa mfupa, huvutika au kuchanika kidogo. Ndani ya kano hizo kuna vihisio vinavyoujulisha ubongo jinsi wayo ulivyokaa. Vikiumia, taarifa huchelewa, na juu ya jiwe linaloyumba kuchelewa kidogo tu kunatosha kukuangusha. Ndiyo sababu mguu ulioteguka mara moja huteguka tena hata kama maumivu yalishakwisha. Kupumzika hupunguza uvimbe na maumivu, lakini ule wepesi wa kuhisi unarudi kwa mazoezi ya kusimama na kujisawazisha.

Jipime pekupeku, sakafuni. Simama kwa mguu wa kulia sekunde 30 bila kushika kitu. Kisha gusa ukuta kwa ncha za vidole na unyanyue kisigino cha mguu huohuo mara 20. Mwisho, rukaruka kwa mguu huo mara 10 palepale ulipo. Ukishindwa mojawapo, au kifundo kikichoma, kijia cha mawe kisubiri. Na hata ukifaulu vyote, fanya zoezi hili kila siku kwa wiki sita: sekunde 30 kila mguu, mara tatu. Ikiwa rahisi, fumba macho. Ikiwa rahisi tena, simama juu ya mto wa kulalia uliokunjwa mara mbili. Si lazima utenge muda. Wakati wa kupiga mswaki au kusubiri chai ichemke unatosha. Tunakusihi usiliruke zoezi hili kwa sababu linaonekana dogo. Mguu wako umekwisha kukuonya mara mbili.

Kuhusu kukandwa: jirani alikusaidia kwa nia njema, lakini maji ya moto na kuvuta mguu usiku uleule huenda ndivyo vilivyozidisha uvimbe ukafikia lile embe. Katika siku mbili tatu za mwanzo mishipa midogo iliyopasuka bado inavuja. Joto linaipanua, na kuvuta kunaweza kuongeza mchaniko. Ikitokea tena, kaa, nyanyua mguu juu ya kiwango cha nyonga, ufunge kwa bandeji ya kuvutika bila kuubana mpaka vidole vife ganzi, weka kitambaa cha maji baridi dakika 15, pumzisha, rudia. Kesho yake anza kuuchezesha taratibu, juu na chini, kisha uukanyagie kadiri maumivu yanavyoruhusu. Lakini ukishindwa kupiga hata hatua nne, au ukibonyeza mfupa wenyewe wa kifundo kwa nyuma, wa nje au wa ndani, ukasikia maumivu makali, au mfupa wa katikati ya ukingo wa nje wa wayo, au ule uliochomoza upande wa ndani mbele ya kifundo, nenda hospitali ukapigwe picha. Hizo ni dalili kwamba huenda mfupa umevunjika, na mfupa haukandwi.

Sasa pumzi. Lushoto mjini ni karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapo ni kama asilimia 85 ya ule wa Tanga, kwa hiyo kila ukivuta pumzi unapata oksijeni pungufu kwa asilimia 15 hivi. Unausikia upungufu huo wiki mbili tatu za mwanzo, kisha mwili unauzoea kwa sehemu kubwa, na wewe umeshavuka hapo. Kinachokushikisha kiuno ni kwamba mlango wako unafunguka kwenye mwinuko, nawe unaupanda mwili ukiwa baridi, kwa mwendo wa Raskazone. Moyo na mapafu vinahitaji dakika kadhaa kuanza kupeleka oksijeni ya kutosha. Ukivitangulia, misuli inafanya kazi kwa deni, na deni hilo linadaiwa palepale dakika ya sita.

Tembea dakika 10 za mwanzo, kwa haraka lakini bila kukimbia, mpaka jasho lianze kutoka. Baada ya hapo kipimo chako kiwe mdomo. Sema kwa sauti sentensi nzima, kama hii: "Leo nina vipindi vitatu na cha mwisho ni darasa la saba." Ukiimaliza kwa pumzi moja, endelea kukimbia. Ukiikata katikati, tembea. Usisubiri mpaka ushike kiuno; aliyeanza kutembea mapema hurudia kukimbia baada ya nusu dakika, aliyechelewa huhitaji dakika tatu au nne.

Na kutembea huko usikuonee haya. Mwinuko ukizidi ukali fulani, kutembea kunakula nguvu kidogo kuliko kukimbia kwa mwendo uleule. Katika mbio za Ultra-Trail du Mont-Blanc za kule Alpi, zenye kilomita zaidi ya 170 na kupanda karibu mita 10,000, hata wanaoongoza hutembea miinuko mikali. Kutembea kwao lakini ni kwa kufanya kazi: hatua fupi, kiwiliwili kimeinama kidogo kuanzia kwenye nyonga, mikono ikisukuma mapaja pale njia inapokuwa kali kabisa, macho mita chache mbele. Pale unapokimbia mwinuko wa kawaida, fupisha hatua kama unayepanda ngazi moja moja, usivuke mbili. Usiinamie kiunoni, ukijikunja, kifua kinabanwa na pumzi inapungua wakati unapoihitaji zaidi. Ukisikia kano ya nyuma ya kisigino inavuta, usilazimishe kupanda kwa ncha za vidole peke yake. Acha kisigino kiguse ardhi inapowezekana.

Tufike kwenye kushuka. Misuli ya mbele ya paja ndiyo breki ya mtu anayeteremka. Kila hatua mwili unaanguka chini zaidi kuliko tambarare, na misuli hiyo inalazimika kukaza huku ikivutwa kuwa ndefu. Kazi ya namna hiyo huacha michaniko midogo midogo ndani ya nyuzi za misuli, na maumivu yake hayaji siku ileile. Hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Hilo ndilo linalokushikisha ukuta shuleni. Lakini misuli ina hulka nzuri hapa: ikishapata kipimo kidogo cha kushuka, ikapona, inakuwa imejikinga, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo dawa ya mapaja ni kushuka kidogo kidogo, kila wiki, bila kuruka. Anayeshuka sana mara moja kisha akakaa wiki tatu anaumia upya kila mara.

Magoti ni habari nyingine. Anayeogopa mteremko hufanya mambo mawili kwa pamoja: anaegemea nyuma, na anatupa mguu mbele ukiwa umenyooka, kisigino kikitangulia. Mguu ulionyooka hauna pa kupunguzia kishindo, kwa hiyo kishindo kinapanda moja kwa moja mpaka gotini, na mfupa wa mbele ya goti unakandamizwa kwenye paja kila hatua. Tena kisigino kilichotangulia ndicho kinachoteleza kwenye tope. Yaani lile unalolifanya ili usianguke ndilo linalokuangusha.

Hatua zako ziwe fupi na za haraka. Hesabu mara ngapi mguu wa kulia unagusa ardhi kwa sekunde 30. Ukipata chini ya 40, hatua zako ni ndefu mno kwa mteremko. Ongeza taratibu ufike 43 au 45. Wayo utue chini ya mwili wako na si mbele yake, goti likiwa limekunjwa kidogo wakati wote. Kifua kifuate mteremko kidogo, usikivute nyuma. Mikono ipanuke pembeni, viwiko vikiwa nje, kama mtu anayepita juu ya gogo. Haipendezi kutazama lakini inakuzuia kupinduka. Macho yaangalie mita tatu hadi tano mbele na si vidole vya miguu, kwa sababu jiwe unaloliona likiwa chini yako umeshachelewa kulikwepa. Mwendo upunguze kabla ya sehemu mbaya, ukiwa bado kwenye ardhi nzuri, si ukiwa umeshafika juu ya changarawe. Barabara ikiwa pana na haina magari, ishuke kwa kupinda huku na huku. Mteremko unapungua ukali.

Lifanye hili kama somo la peke yake. Tafuta mteremko mpole wa mita 60 hadi 80, wa nyasi fupi au changarawe iliyoshikana, usio na mawe makubwa. Shuka mara nne kwa kukimbia polepole, panda kwa kutembea kila mara. Basi, kwa wiki hiyo imetosha. Wiki inayofuata mara tano, kisha sita, mpaka nane. Ukifika nane bila mapaja kukaza siku ya pili, tafuta mteremko mrefu zaidi, si mkali zaidi.

Mara mbili kwa wiki, nyumbani, tumia ngazi moja ya kawaida. Simama juu yake kwa mguu mmoja, shusha mguu wa pili taratibu kwa kuhesabu mpaka tatu, kisigino kiguse sakafu kidogo tu, rudi juu. Mara 8 kila mguu, mizunguko mitatu. Angalia goti lisikimbilie ndani. Likae juu ya kidole cha pili cha mguu. Ongeza kunyanyua visigino mara 12, mizunguko mitatu, kwa ajili ya vigimbi, na kulala chali magoti yamekunjwa ukinyanyua makalio, pia mara 12 mara tatu, maana makalio yakilegea goti ndilo linalobeba. Dakika 20 zinatosha.

Jifunze kutofautisha maumivu. Mapaja yote mawili kukaza na kupoa ndani ya siku tatu nne ni kazi ya kawaida. Goti kuuma kidogo ukishuka, likanyamaza usiku uleule, maana yake punguza miteremko kwa theluthi moja. Goti lililovimba, au linalouma mahali pamoja kwa ukali hata ukiwa umekaa, au linalokwama, linahitaji kuonwa na daktari. Na kuna maumivu ya upande wa nje wa goti yanayoanza karibu dakika ileile kila ukishuka. Hayo hayavumiliwi. Acha kukimbia miteremko kwa wiki mbili, itembee, huku ukiendelea na mazoezi ya makalio.

Raba zako sasa. Sponji nene na laini ni tamu kwenye lami, lakini juu ya jiwe inabonyea upande mmoja na kukuinamisha. Kifundo chako kinalijua hilo. Gulioni tafuta raba zenye meno chini, ya milimita 4 au 5, yaliyoachana nafasi ya kutosha ili tope litoke. Kabla ya kulipa, iweke raba mezani uitazame kwa nyuma: ikilala upande mmoja, mwenye nayo wa kwanza alishaimaliza. Bonyeza sponji kwa kidole gumba. Ikibaki na shimo au ikiwa na mikunjo mingi ya ulalo pembeni, imekufa, hata kama juu inang'aa. Kunja sehemu ya vidole uone kama gundi inaachia. Shika mbele na nyuma uipotoe kama unayekamua nguo. Ikikubali kabisa, haitakushika kwenye mawe. Ijaribu jioni, miguu ikiwa imetanuka, na soksi utakazokimbilia. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono.

Hiyo nafasi ndiyo iliyokosekana kwenye kucha zako. Ukishuka, mguu unateleza mbele ndani ya kiatu na kucha zinagonga ukuta maelfu ya mara. Damu inavilia chini yake. Usizing'oe. Zitasukumwa na kucha mpya, japo ya kidole gumba inaweza kuchukua mwaka au zaidi. Zikianza kutoa usaha au kupwita, nenda zahanati. Kucha zikate fupi na sawa siku moja kabla ya kukimbia. Na kamba zifunge hivi: kwenye tundu la mwisho la juu, ingiza kamba upande uleule ili itengeneze kitanzi kidogo, kila upande kitanzi chake, kisha pitisha kila kamba kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta kwenda chini, ufunge. Kisigino kinashikwa nyuma na mguu hautelezi tena. Fanya hivyo hata kwa raba ulizonazo, kesho.

Njumu tunazikataa. Zimetengenezwa kwa uwanja laini. Juu ya jiwe uzito wako wote unasimama kwenye meno machache magumu ya plastiki, ambayo hayashiki mwamba, na yanakuinua juu ya ardhi kiasi cha kukipindua kifundo kwa urahisi zaidi. Mwalimu mwenzako yuko sahihi kwa mpira, kwa mlima hapana.

Lami ya Mombo tunakubaliana nawe, iache. Ikikubidi kupita barabara ya magari, kimbia upande wa kulia ili uyaone yanayokuja upande wako.

Kuhusu vijia: udongo mwekundu wa huko ukilowa unajaa kwenye meno ya raba, na baada ya hatua kumi unakimbia juu ya soli ya udongo. Simama, gonga raba kwenye gogo, endelea. Pita kwenye ukingo wenye nyasi, si katikati palipong'arishwa na miguu ya watu na mifugo. Mzizi uliolowa uvuke, usiukanyage kabisa. Hali kadhalika ubao wa daraja na jiwe lenye ukungu wa kijani. Penye mawe mengi tua kwenye udongo wa kati yao, na pasipo na udongo chagua jiwe pana lililozama ardhini. Njia inayolala upande mmoja isikimbiwe upande uleule kwenda na kurudi, la sivyo goti moja litabeba yote. Kingo za matuta ya mashamba zisikanyagwe: zinabomoka, nawe unaanguka nazo, na ni jasho la mtu aliyezijenga kwa jembe. Ukikutana na mtu aliyebeba kuni au majani kichwani, simama, msalimie, mpishe upande wa juu wa njia. Mbwa akikujia, acha kukimbia, usimpe mgongo, rudi nyuma taratibu. Na giza likutafute ukiwa nyumbani. Jioni huanza kuingia kabla ya saa moja, na ndani ya msitu wa Magamba mapema zaidi.

Sasa ni masika, kwa hiyo ratiba yako tunaipanga kwa kufuata mvua. Wiki mbili za kwanza kimbia kwenye uwanja wa mpira wa shule pekee, siku tatu: dakika moja kukimbia, mbili kutembea, kwa nusu saa, pamoja na mazoezi ya kifundo na ngazi. Uwanja ukijaa maji, tembea kwa haraka barabarani. Wiki ya tatu mpaka ya sita, siku mbili barabara ya changarawe dakika 35 hadi 40 kwa kipimo cha sentensi, siku ya tatu somo la kushuka. Mwezi wa sita njia zikikauka, na kifundo kikifaulu vipimo vyote vitatu, rudi kwenye kijia: dakika 10 za kwanza uwe umetembea, kisha dakika 15 hadi 20 kijiani, zilizobaki barabarani. Kile kipande chenye mawe kilichokutegua kishuke kwa kutembea mpaka ukijue jiwe kwa jiwe.

Kuanzia mwezi wa saba siku moja iwe ndefu, tuseme Jumamosi: dakika 60, wiki inayofuata 65, kisha 70, wiki ya nne rudi 50 ili mwili upate kujenga. Anza tena 70, 80, 90, pumzika kwa 60. Usiongeze muda na ukali wa milima wiki moja, chagua kimoja. Ukiugua, au wiki ya mitihani ikikumeza, usilipe deni. Rudi nyuma wiki moja uendelee. Ndiyo maana tumeweka mwezi wa tisa, ingawa kwenye karatasi ungeweza kufika mapema. Kwa chini ya saa moja maji uliyokunywa nyumbani yanatosha. Ukifika dakika 90 beba nusu lita na ndizi moja, na usinywe ya kijito bila kuchemsha.

Siku ya Irente mwambie mtu saa unayotoka na saa unayotarajia kurudi, beba simu na ile bandeji. Nenda asubuhi kukiwa kumepambazuka vizuri. Kwenye miinuko tembea hata kama unajisikia na nguvu, kwa sababu nguvu hizo ndizo zitakazokushusha. Ukifika kwenye ukingo utaona tambarare yote imelala chini yako na utatamani kukaa. Kaa, lakini upepo wa pale ni wa baridi na jasho linapoa haraka. Vaa fulana kavu uliyofunga kiunoni, kaza upya kamba za raba, na dakika tano za kwanza za kurudi zitembee mpaka mapaja yapate joto tena.